Neno “Please” katika Tafsiri za Kiswahili

Yako maneno ambayo wafasiri huyaogopa, na yako mengine ambayo hawayaogopi hata kidogo. Istilahi za falsafa, za sheria na za sayansi huundiwa kamati, hujadiliwa, na mara nyingine hugombaniwa. Neno la Kiingereza “please” halijapata kuheshimiwa hivyo. Kamusi huliwekea “tafadhali”, mwalimu humfundisha mtoto “tafadhali”, na mfasiri anapolikuta katika matini huandika “tafadhali” bila ya kuinua kalamu. Makala haya yanadai kwamba urahisi huo ni wa udanganyifu. Katika mahali pengi “tafadhali” haifasiri “please”. Ni alama tu ya kuonyesha kwamba neno “please” lilikuwapo katika matini ya asili. Na kosa hili, ingawa ni dogo kwa sura, limechangia dhana iliyoenea kwamba msemaji wa Kiswahili cha bara, hasa wa Nairobi na viunga vyake, hana adabu ya kuomba.

Hapana budi kuanza na neno lenyewe. “Tafadhali” limetoka katika Kiarabu, katika ukoo mmoja na “fadhila”, “fadhili” na “afadhali”. Lakini Mwarabu asemapo “tafaddal” haombi kitu, anatoa. Ndilo neno la mwenye nyumba anayemwelekeza mgeni penye kiti, la mwenye kahawa anayesogeza kikombe, la mtu anayempisha mwenziwe mlangoni. Anayeomba husema “min fadlik”, yaani kwa fadhila yako. Waswahili walilichukua neno la mtoaji wakamkabidhi mwombaji. Msemaji wa lugha zote mbili aliyeko Maskati, na wako wengi wenye asili ya Unguja, husogeza sahani ya halua kwa “tafaddal” ya Kiarabu, na huiomba sahani hiyo hiyo kwa “tafadhali” ya Kiswahili, wala hachanganyikiwi. Anayechanganyikiwa ni mfasiri aliyekaa kati ya kamusi mbili.

Kwa maana upande wa mtoaji haukubaki mtupu katika Kiswahili. Umejazwa na “karibu”. Mwingereza anapomwambia mgeni “please come in”, kisha “please sit down”, kisha “please have some more”, Kiswahili hutumia “karibu” mara zote tatu, na ya tatu hufuatiwa na chakula kuongezwa sahanini kabla mgeni hajajibu. Mgeni akitaka kuinuka ili kumpisha mtu, Mwingereza atasema “please don’t get up”. Mtu wa pwani atasema “starehe”, na neno hilo moja limemaliza yote. Mfasiri wa hadithi aandikaye “Tafadhali ingia, tafadhali keti, tafadhali usisimame” amemgeuza mwenye nyumba kuwa karani wa ofisi.

Lugha nyingine zilizokutana na neno hili la Kiingereza zimepata taabu kama hiyo, na Kijapani kinafaa kutajwa, wala si kwa kupenda mambo ya mbali. Huko Juja, mwendo mfupi kutoka Ruiru kwa njia ya Thika, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilianzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani. Mkenya ajifunzaye Kijapani, na Mjapani ajifunzaye Kiswahili, kwa kawaida hukutana juu ya daraja la Kiingereza, na “please” ni ubao mmojawapo uliooza katika daraja hilo. Kijapani kina “dozo” kwa anayetoa au kumpisha mwenziwe, na “kudasai” kwa anayeomba. Na “kudasai” yenyewe ni kitenzi: imetoka katika “kudasaru”, kutoa kwa mtu wa juu ampaye aliye chini yake. Mtu akitaka kukatiwa kitu husema “kitte kudasai”, ambayo kwa ndani ni kama kusema “kata, unipe huko kukata kwako”. Tendo limegeuzwa kuwa zawadi. Kitabu chochote cha mafunzo ya Kijapani kilichoandikwa kwa uangalifu humtahadharisha mwanafunzi kwamba “please” imegawanyika sehemu mbili. Kamusi za Kiingereza na Kiswahili hazimtahadharishi mtu.

Basi jambo la kuuliza si neno gani la Kiswahili ni sawa na “please”, bali ni kwa njia gani wasemaji wa Kiswahili hufanya kazi ifanywayo na “please”. Kwa swali hilo Mwiki ni mahali panapofaa. Mji huu umelala juu ya mpaka: iko wodi ya Mwiki katika eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, na iko wodi nyingine ya jina hilo hilo katika Kasarani, Kaunti ya Nairobi. Wakazi wake ni wapangaji na wenye ploti waliotoka pande nyingi za nchi. Kiswahili kwa walio wengi wao si lugha ya titi. Ni lugha ya kibandani, ya matatu na ya lango la ploti. Hapa hakuna anayeweza kudai kwamba adabu ya pwani ndiyo inayosema kwa niaba ya watu. Kama adabu ipo, wameitengeneza wenyewe kwa vifaa vya lugha walivyovikuta.

Na vifaa hivyo viko wazi. Jioni penye kibanda cha mboga husikika: “Mathe, nikatie sukuma ya ishirini.” Kwa jirani yake: “Nipimie mafuta ya hamsini.” Kwa muuza chapati: “Nifungie mbili.” Na mtu anayepita kwa haraka: “Niwekee mkate, nitauchukua jioni.” Hakuna “tafadhali” hata moja katika semi hizi nne, na hakuna muuzaji anayeona kwamba amekosewa heshima. Sababu ni kwamba vitenzi “kata”, “pima”, “funga” na “weka” vimetiwa kauli ya kutendea, vimepewa kiambishi cha mtendewa “ni”, na vimeishia kwa “e”. Msemaji hakusema tu tendo lifanyike. Amesema lifanyike kwa faida yake, na kwa kukiri faida hiyo amekiri deni. Kile ambacho Kijapani hukifanya kwa kitenzi cha pili, Kiswahili hukifanya kwa silabi moja katikati ya kitenzi cha kwanza. “Nikatie” na “kitte kudasai” zingeweza kufasiriana bila ya kupitia Kiingereza kabisa, na pengine zingesalimika zaidi.

Ni kweli kwamba umbo hili peke yake si hakika ya adabu. Askari anayesimamisha watu usiku naye husema “nionyeshe kitambulisho”, na hapo hakuna ombi lolote. Umbo la kitenzi hufungua mlango tu. Kinachoingia ni sauti, wakati, na jinsi mtu alivyoitwa. “Mathe” katika kinywa cha kijana ni heshima yenye ucheshi. Mtu mzima angesema “mama”, au jina la mama kwa mtoto wake wa kwanza. Kabla ya hayo kuna salamu. Katika kibanda cha Mwiki, anayefika na kusema “habari ya jioni” kisha “nikatie” amemheshimu muuzaji kuliko anayefika na kusema “tafadhali kata” bila ya kumsalimu. Huyu wa pili hushukiwa kuwa ametoka katika ofisi ya kaunti kukagua leseni.

Kuna vifaa vingine vidogo ambavyo kamusi haziviweki chini ya “please” ingawa ndipo mahali pake. “Kidogo” ni kimoja: “songa kidogo”, “niazime kalamu kidogo”, “ngoja kidogo”. Kiti hakisogei kidogo wala kalamu haiazimwi nusu. Kinachopunguzwa ni uzito wa ombi. “Hebu” ni kingine. Hali ya “-nge-” hutumiwa na wengi wa pwani, “ungenipa maji”, na ombi likawa kama wazo lililopita tu. Mtoto anayebembeleza husema “chonde”. Muuguzi mwenye busara hamwambii mgonjwa “tafadhali vua shati”. Husema “tutoe shati kidogo tuone”, kana kwamba shati ni la wote wawili. Mfasiri wa maelezo ya hospitali anayo nafasi ya kuiga lugha ya muuguzi huyo, lakini mara nyingi huiga lugha ya ukuta.

Umbo lililoshambuliwa kuliko yote ni “nisaidie na”. “Nisaidie na maji”, “nisaidie na kalamu”, “nisaidie na soda baridi”. Wanaolipinga husema kwamba ni Kiingereza cha Kenya kilichovaa kanzu, au Kigikuyu, ambamo “ndeithia” hutumiwa kwa namna hiyo hiyo. Tena kwamba ni uongo, kwa kuwa anayenunua soda kwa fedha zake hasaidiwi na mtu. Hoja ya kwanza haina nguvu nyingi, maana sarufi ya adabu huazimwa katika lugha zote, na “tafadhali” yenyewe imeazimwa. Hoja ya pili ni ya ajabu zaidi. Adabu ya kuomba ni uongo mtamu karibu kila mahali. Mwingereza alipoanza kusema “please” alikuwa anafupisha maneno “if it please you”, yaani ikikupendeza, na muuza duka hakuwahi kuulizwa kama inampendeza. Mkazi wa Dar es Salaam asemaye “naomba soda” anajifanya mwombaji ilhali pesa ziko mkononi. Mkazi wa Mwiki asemaye “nisaidie na soda” anajifanya mtu aliyepungukiwa. Semi hizi mbili ni dada. Malalamiko ya siku nyingi ya baadhi ya Watanzania kwamba Wakenya hudai badala ya kuomba yana ukweli wake pale panapotumiwa “nipe” au “leta” tupu kwa mtu asiyejulikana. Lakini yasiguse “nisaidie”, ambayo imefanya kazi ile ile ya “naomba” kwa chombo kingine. Mwalimu anayeifuta katika insha ya mwanafunzi na kuandika juu yake “tafadhali nipe” amesahihisha sarufi na kuharibu tabia.

Je, “tafadhali” haina kazi? Inayo, na ni neno zuri la zamani. Katika barua, katika mkutano, mbele ya mtu mgeni, katika ombi zito, huketi mahali pake bila ya taabu. Likielekezwa kwa watu wengi husikika hata “tafadhalini”, dalili kwamba wasemaji bado wanahisi kitenzi ndani yake. Lakini kwa sababu wafasiri wamelitwika kila “please” iliyoandikwa katika kila tangazo, neno limehamia upande mmoja wa maisha. Leo masikio ya mkazi wa mjini hulipata kwanza katika sauti iliyorekodiwa ya simu, inayomwambia ajaribu tena baadaye. Katika mashine ya benki. Katika ukuta wa zahanati na lango la shule. Limekuwa neno la wasio na uso. Kati ya watu wanaojuana, hutokea zaidi pale subira inapokwisha. Abiria aliyekanyagwa mara ya tatu ndani ya matatu husema “Tafadhali, bwana!”, na kondakta anajua kwamba hakuombwa kitu.

Kwa hiyo athari ya tafsiri ya kimazoea katika hadithi ni mbaya kuliko wafasiri wanavyodhani. Mume na mke wanakula. Mke anasema kwa Kiingereza “please pass me the salt”. Mfasiri anaandika: “Tafadhali nipitishie chumvi.” Msomaji wa Kiswahili anainua macho: wamegombana nini hawa? Mwandishi hakukusudia ugomvi wowote. “Nisogezee hiyo chumvi” ingetosha, na kama mke ana ukunjufu, “Hebu nisogezee hiyo chumvi, baba Asha.” Kinyume chake, pale ambapo Kiingereza kinasema “oh, please!” kwa dharau, mfasiri yule yule huandika “lo, tafadhali!”, na dharau ikayeyuka, “acha bwana” ilikuwa karibu naye wala hakuiona.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wafasiri wa kale hawakuanguka sana katika shimo hili, na si lazima iwe kwa sababu walikuwa hodari zaidi. Matini zao ziliwasaidia. Nyerere alipofasiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, tafsiri iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969, alifasiri Kiingereza ambacho “please” iliyosimama peke yake haikuwa mazoea yake. Watu wa Shakespeare husema “I pray you”, “I do beseech you”, “so please you”: vitenzi kamili, vyenye mtenda na mtendewa, na Kiswahili kina “nakuomba” na “nakusihi” za kuvipokea. Hali kadhalika Biblia ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952. Katika Kiebrania cha Agano la Kale ombi hubebwa mara nyingi na kijineno “na”, ambacho Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa imekigeuza kuwa “I pray thee”. Wafasiri wa Kiswahili hawakujifunga kwa neno moja. Mara huweka “nakuomba”, mara “tafadhali”, mara kitenzi chenye kiishio “e” peke yake, kwa kadiri ya anayesema na anayeambiwa. Ombi lilikuwa bado lina mwili, likaonekana. Kiingereza cha leo kimeukausha mwili huo mpaka ukabaki mfupa mmoja, na mfasiri wa leo hubadilisha mfupa kwa mfupa. Programu za kompyuta zinazofasiri zimeyapokea mazoea haya kutoka katika matini za watu na sasa zinayarudisha kwa wingi ambao hakuna kamati inayoweza kuuhariri.

Hayo yote ni juu ya kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Safari ya kurudi haizungumzwi sana, na ndiko kwenye hatari kubwa. Kwa kuwa “please” haikutamkwa kama neno katika Kiswahili cha Mwiki, mkalimani haioni, na asiyeiona haiandiki. “Nikatie sukuma” ikawa “cut for me vegetables”. Hapo madhara ni kicheko tu. Mahakamani si kicheko.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila ya malipo, na sheria ya mwenendo wa kesi za jinai huruhusu Kiingereza au Kiswahili katika mahakama za chini. Lakini kumbukumbu za kesi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na rufani ikifika Mahakama Kuu, karatasi hizo ndizo zinazosomwa. Mtu wa Mwiki aliyefikishwa mbele ya mahakama ya Ruiru au Thika, akiulizwa ana neno gani kabla ya hukumu, aghalabu atasema: “Naomba korti inisaidie.” Ikiandikwa “I ask the court to help me”, msomaji wa Kiingereza atajiuliza: imsaidie kwa kitu gani? Fedha? Wakili? Mtu huyu hakuomba kitu. Ametumia “saidia” ile ile ya kibandani, katika kiwango chake cha juu kabisa, na maana yake ni kuomba huruma.

Mfano mwingine ni mbaya zaidi. “Nipewe muda nilipe faini.” Katika Kiswahili hakuna namna ya kuomba iliyo nyenyekevu kuliko hiyo. Msemaji ametumia kauli ya kutendwa ili asimguse hakimu hata kwa kiambishi. Hakusema “unipe”, ameliacha tendo bila ya mtenda, litendwe na yeyote mwenye uwezo, kama mtu anayeweka bakuli chini na kuondoka hatua mbili. Tafsiri ya neno kwa neno ni “I should be given time to pay the fine”, na kwa Kiingereza hilo ni dai, tena dai la mtu mwenye kiburi. Tafsiri yenye haki ingeanza kwa “may I please have time”. Mkalimani aliyeapa kufasiri kwa uaminifu huogopa kuliandika neno hilo, kwa kuwa anaamini kwamba mshtakiwa hakulitamka. Lakini mshtakiwa amelitamka: liko katika ile “w” ya “nipewe”, na katika ile “e” inayoifuata.